Msiba wa Dereva

Tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mzima, kazi ipo. Mashuka ya hospitali hayaishi; watu hawachoki kuugua na sisi hatuchoki kufua.

Nina jambo la kukuambia, ila usimwambie Mama. Unajua mwenyewe kwamba kwenye karatasi maneno yangu yanatembea vizuri, lakini mdomoni yanakwama. Hapa kwenye chumba cha kufulia wananiita Redio, yaani redio mbovu, ile inayokatakata. Nikisema "n-n-naomba sabuni", hakosi mtu wa kunigonga mgongoni ili eti nishike stesheni. Nilishazoea. Siku nyingine nacheka nao, maana ukicheka nao wanachoka upesi.

Juzi walivuka mpaka. Yule msichana wa mashine ya kukamua anaolewa mwezi wa nne, kwa hiyo wakati wa chai mazungumzo ni harusi tu, nani atakwenda na nani. Nilitoka kuanika nguo, niliporudi nikakuta mtu ameketi kwenye kiti changu. Walikuwa wamechukua pajama za wagonjwa wakazijaza mataulo, wakamtengenezea kichwa kwa foronya, wakamchora macho na masharubu kwa ile kalamu ya kutilia alama nguo. Mama Pasi, mkubwa wa wapiga pasi, akasema, "Redio, mchumba wako amefika. Huyu ana subira, hatakukatiza ukiongea." Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Ilibidi nimwinue mwenyewe ili nipate pa kukaa, na nilipombeba wakasema tazama anavyomkumbatia.

Ndipo nikasema, "Huyu si wangu. Wangu ni dereva wa lori la mbao, na sasa hivi yuko safarini." Dada, nilisema yote hayo bila kukwama hata silabi. Nadhani hilo ndilo lililowanyamazisha.

Sina dereva yeyote. Unajua. Nimwambie nani kama si wewe.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 15 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani. Nilianza kwa kucheka, nilipofika kwenye pajama nikaacha. Hao wanawake hawana haya. Ningekuwa karibu, huyo Mama Pasi ningemjaza mataulo mdomoni.

Lakini sikiliza, mdogo wangu. Njia ya mwongo ni fupi. Leo wamenyamaza, kesho watauliza anatoka wapi, kesho kutwa watataka kumwona. Ngoja wiki chache zipite, halafu sema mmeachana. Watu huachana kila siku, nani atashangaa? Muage huyo dereva wako kabla hajakuzoea.

Mama yupo yupo tu. Uji nampikia, anautazama mpaka unafanya utando, halafu ananishukuru na kunirudishia bakuli. Daktari amesema moyo wake umechoka, asitembee kupita mlangoni. Yeye anasema daktari mwenyewe ndiye amechoka.

Kula vizuri na uache kuwapa hao watu cha kusema.

Dada yako


Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Nilikusudia kumwacha, nakuapia. Siku niliyopanga kusema, Mama Pasi alinivutia kiti. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuvutiwa kiti. Akaniuliza, "Dereva wako akirudi safari, unampikia nini?" Nikajibu kwamba hapendi vitunguu. Sijui vitunguu hivyo nilivitoa wapi. Basi wakaanza kubishana kuhusu wanaume wanaochagua chakula, kila mmoja na wa kwake, na mimi nikawa mmoja wao. Chai iliisha hakuna aliyekumbuka kunigonga mgongoni.

Kila siku wananiuliza amefika wapi. Nami inabidi awe amefika mahali. Ni mrefu, ana sauti nzito, anapiga mluzi akipanda mlima ili lori lisimchoke. Shati lake la kazi lina harufu ya mbao mbichi. Hana haraka nikiongea. Hilo la mwisho sikuwaambia, hilo najua mimi tu.

Usidhani nimerukwa na akili. Nikifika chumbani jioni nikavua viatu, najua kabisa kwamba hakuna mtu barabarani anayenikumbuka. Lakini mtu akiulizwa habari za fulani asubuhi na jioni, mwishowe anakuwa nazo.

Niachie mpaka harusi ipite. Nataka kwenda kwenye sherehe moja tu kama mtu.

Kitinda


Tarehe 21 Machi

Kitinda,

Mambo yameharibika. Yule mwenzenu anayekunja mashuka alikuja huku kumzika mjomba wake, akaona si vizuri kuondoka bila kumsalimu mama yako. Mimi nilikuwa nimepeleka sare za shule kwa wateja. Niliporudi nikamkuta Mama ameketi, mito mgongoni, na bakuli la uji mkononi halina kitu.

Akaniambia, "Mbona mlinificha? Kitinda amepata mtu. Dereva, mtu wa kazi. Mgeni amesema kila siku wanamzungumza."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kabla sijasema, akaninyooshea bakuli nimwongezee. Tangu mwaka uanze hajaniomba chakula. Wewe ungefanyaje? Nikamwongezea.

Tangu siku hiyo anakula. Jana amepaka mafuta mikono yake akaomba kioo. Mwandikie mistari miwili mitatu, usitie mengi. Tutajua la kufanya akipata nguvu.

Dada yako


Tarehe 1 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwamba habari umezisikia kwa mgeni. Niliona haya, nilitaka jambo liive kwanza.

Ni kweli. Ni dereva, anabeba mbao. Anakusalimu sana. Si msemaji, lakini ni mtu wa kusikiliza. Nikikwama hanimalizii neno wala hatazami pembeni. Anangoja mpaka nifike mwenyewe.

Nimefurahi kusikia unakula. Endelea hivyo hivyo, Mama, upate nguvu.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu wa mwisho,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu. Nimevaa miwani na bado mistari inapanda na kushuka, usome polepole.

Nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukuambia. Tangu ulipoanza kuongea nimekuwa nikijiuliza, nikiondoka mimi, nani atakuwa na subira na mtoto huyu? Dada yako anakupenda lakini ana haraka, hata mkate anautoa motoni haujaiva. Sasa umeniandikia kwamba yupo mtu anayengoja neno. Basi huyo ndiye. Sitauliza ukoo wake wala ana nini. Anayengoja neno, huyo anatosha.

Mwambie namtaka hapa mwezi wa sita. Aje na lori lake hata likiwa na mzigo, aliegeshe hapo nje majirani walione. Nimeanza kutembea mpaka uani. Daktari hajaambiwa.

Mama yako


Tarehe 29 Aprili

Kitinda,

Mama ameita fundi akapaka chokaa chumba cha mbele. Chumba cha mkwe, ndivyo anavyokiita. Amenituma nikapime kona yetu kwa hatua, eti lori lisije likashindwa kupinda. Nikaenda nikapima. Jirani akaniuliza napima nini, nikasema mtaro.

Nimejaribu kumwandaa. Juzi nilimwambia huenda mmekosana kidogo, vijana ndivyo walivyo. Akasema, "Amechoka na ulimi wake. Nilijua." Akasukuma sahani. Kutwa nzima hakula, mpaka nikamwambia nilikuwa natania.

Kwa hiyo dereva kukuacha hawezi, umeelewa? Akikuacha, Mama atasema ni kwa sababu ya kigugumizi chako, na atakwenda nalo kaburini. Lakini mtu akifa hakuna aliyekosa. Muue, Kitinda. Barabara ni mbovu, magari yanaanguka kila siku. Mama atamlilia, nitakuwa hapa kumshika, na yatapita. Kilio kina mwisho. Kusubiri lori lisilokuja hakuna mwisho.

Ukishawaambia hao wa kazini, niandikie, nami nitamwambia Mama. Kauli yetu iwe moja.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada yangu,

Nimefanya ulivyosema. Lori lilitoka barabarani kwenye daraja la mto, pale nje ya mji. Ndugu zake walikuja kuuchukua mwili wakaenda kuzika kwao, mbali, na mimi sikuwa nimetambulishwa kwao. Nimepanga hivyo ili pasiwe na kaburi la kuulizia.

Nilidhani kazi kubwa itakuwa kusema. Siku hiyo hata sikufika kwenye daraja; hayo niliwaandikia baadaye. Nilisimama mlangoni nikakwama kwenye "ame". Ame, ame, ame. Mama Pasi aliiacha pasi ya moto juu ya shuka, shuka likaungua, akaja kunishika. Hakuna aliyegonga mgongo wa mtu. Yule bibi harusi alilia kuliko wote, nadhani alikuwa anamfikiria wa kwake. Msimamizi alikuja kufoka kuhusu moshi, alipoambiwa akavua kofia.

Nami nililia, Dada. Sikuwa naigiza. Sijui nilikuwa namlilia nani. Najua tu kwamba niliporudi chumbani jioni, hapakuwa tena na mtu safarini.

Mwambie Mama taratibu. Na tafadhali usiniandikie methali.

Kitinda


Tarehe 18 Mei

Mwanangu,

Dada yako ameniambia. Alianza kwa mbali, na mtu akianza kwa mbali najua kuna maiti.

Sikuandikii pole. Pole ya kwenye karatasi haimshiki mtu. Baba yako alipokufa tulikuwa kwenye kambi ya watengeneza barabara, wewe ukiwa tumboni. Ndugu zangu walituma neno kwamba njia ni mbaya, watakuja mvua zikiisha. Hakuja mtu. Nililia nikitazama ukuta, na wanaume wa kambi walipita nje wakishusha sauti. Ulipozaliwa ukakua na maneno yakawa yanakukwama, nilifikiri ni kwa sababu kilio changu kile hakikupata wa kukipokea, kikaingia kwako. Labda ni ujinga wa kizamani. Lakini niliapa kwamba mtoto wangu hatakaa msibani peke yake.

Dada yako amekwenda kununua vitambaa, atarudi jioni. Angekuwepo angenifungia mlango. Barua hii naitia kwenye sanduku la posta hapo kituo cha basi. Huenda nikafika kabla yake.

Mama yako


Tarehe 18 Mei, jioni

Kitinda,

Mama hayupo. Nimerudi na vitambaa kichwani nikakuta kitanda kimetandikwa. Miwani yake iko juu ya meza. Jirani alimwona akipanda basi na kikapu, akadhani anakwenda hospitali.

Basi lingine ni Jumamosi, nitapanda hilo. Hii naitia posta sasa hivi, nikiomba ikufikie kwanza. Akifika, mwambie ukweli. Usiogope. Akikasirika, akasirike akiwa kitandani. Akinilaani mimi, mwambie ana haki. Ila usimwache atembee, Kitinda. Mlaze.

Dada


Tarehe 6 Juni

Kwa Dada wa Kitinda,

Salamu, na pole tena kwa msiba. Mimi ni yule mnene niliyekupokea begi siku ya maziko. Barua yako nimeipata. Umeuliza mama yenu alifikwaje, kwa sababu siku ile mdogo wako hakuweza kutoa neno, nawe uliondoka na basi la kesho yake hamkuzungumza. Nitakueleza nilivyoona kwa macho yangu.

Alikuja moja kwa moja kutoka kituoni hadi mlango wa kufulia, akauliza yuko wapi mtoto aliyefiwa. Tulimweka kwenye kiti karibu na dirisha kwa sababu ya mvuke. Alitushika mikono mmoja mmoja akasema, "Asanteni kwa kumlilia mwanangu." Dada, mimi nilikuwa wa kwanza kumwita Redio. Sitaki kuandika mengine niliyomfanyia. Mkono wa mama yenu ulipokuwa ndani ya wangu nilitamani sakafu inimeze.

Mdogo wako alipoingia na kumwona alipiga magoti. Akawa anasema, "Mama, ha-hakuna, Mama, ha-ha-hakuna." Mama yenu akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia, "Najua, mwanangu. Najua hakuna tena. Usijilazimishe."

Kesho yake akauliza kaburi. Tukamweleza kwamba marehemu alizikwa kwao, mbali. Akasema basi apelekwe alipoanguka, yeye hakusafiri mwendo wote ule kuja kutazama kuta. Tulimwona amechoka, tukamwambia apumzike kwanza, akasema atapumzika akishamsalimu mkwe wake. Tulikwenda kwa gari sisi watatu, yeye, mimi na mdogo wako. Njia nzima mdogo wako alikuwa akimvuta nguo kama mtoto anayetaka kurudi nyumbani. Mimi nilidhani hawezi kupatazama mahali pale, nikamwambia jikaze.

Pale darajani mama aliuliza ni upande gani. Mdogo wako hakuonyesha. Nilishangaa kidogo kwamba kingo hazikuwa hata na mkwaruzo, nikajiambia safari hii wametengeneza mapema. Nikanyoosha kidole nikasema ni hapa, ili mzazi apate pa kusimama. Akashika ukingo akasema, "Baba, asante kwa kumngojea mwanangu." Hakulia. Akataka kushuka mpaka kwenye maji. Kushuka alishuka vizuri, tukimshika huku na huku. Wakati wa kupanda ndipo aliposema ameishiwa nguvu, akaketi kwenye majani, akamwegemea mdogo wako begani. Tulikaa hivyo kwa muda. Nilidhani anapumzika. Nilimwambia mdogo wako, "Muache mama apumue." Mdogo wako akanitazama, na hapo nikajua.

Hakuteseka. Alikufa amemfikia mwanawe, na si kila mzazi anapata hilo. Sisi hapa tutamwangalia mdogo wako. Amepoteza watu wawili kwa mwezi mmoja.

Ni mimi,
Mama Pasi


Tarehe 14 Juni

Kitinda,

Mama Pasi ameniandikia. Kila kitu kiko kwenye barua yake, hata ambacho hajui kwamba amekiandika.

Barua yangu ilichelewa, sawa. Lakini ulikuwa na Mama usiku na mchana. Uliketi naye kwenye gari mpaka mtoni. Kama mdomo ulikataa, karatasi zilikuwepo. Mimi nimekujua maisha yote, mdomo wako ukifunga mkono wako unafunguka. Ungemwandikia neno moja. Ulimwacha ashuke ukingo ule kumsalimu mtu ambaye mimi na wewe tulimtunga kama wimbo wa kubembelezea mtoto.

Nikifika hapo nakumbuka ni nani aliyeandika neno muue. Naacha kalamu, nakwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Majirani wanakuja kunipa pole. Pole ya mama, na pole ya shemeji. Naitikia zote mbili.

Waambie ukweli hao wanawake. Mama amekufa bila kuambiwa. Angalau wao waambiwe.

Dada


Tarehe 30 Juni

Dada,

Nilimwandikia. Ndani ya gari, kabla hatujafika. Sikuwa na karatasi, nilikuwa na ile kalamu ya kutilia alama nguo mfukoni mwa aproni. Niliandika kwenye kiganja changu: Mama, hakuna mtu, nilidanganya. Nikamwekea kiganja mbele ya macho. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Akasema, "Miwani nimeiacha, mwanangu." Akadhani namwomba anishike. Akaukunja mkono wangu, akauweka kwenye mapaja yake na kuufunika kwa mikono yake miwili mpaka tuliposhuka. Wino ulimtoka Mama vidoleni siku ya kumwosha. Waliomwosha walidhani ni uchafu wa kikapu.

Sikuambii hivi ili unihurumie. Uliuliza.

Nimewaambia kama ulivyoagiza. Wiki iliyopita, wakati wa chai. Nilisimama na kwa mara ya kwanza kila mtu alikaa kimya kunisikiliza. Ilinichukua muda mrefu, unajua mwenyewe. Nilisema dereva hayupo na hakuwahi kuwepo, nilimtunga kwa ajili ya ile pajama, hakuna lori lililoanguka, Mama alikwenda mtoni bure. Nilisema yote mpaka mwisho.

Mama Pasi alikuja akanikumbatia. Akasema, "Nyamaza, mwanangu. Ukimfuta hutaumia sana, ndivyo unavyofikiri." Nikamwambia ni kweli, hakuwahi kuwepo. Akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya chini kwamba hata mama yake yeye alipofiwa na mume alikaa wiki nzima akisema hajawahi kuolewa. Yule bibi harusi alisema mbona yeye alimjua kwa sifa, alikuwa hapendi vitunguu. Wakatikisa vichwa. Nilipiga meza, wakanishika mikono. Msimamizi akanipeleka kwa daktari wa ghorofa ya juu, nikapewa vidonge na siku za kupumzika.

Sasa wananipa kiti cha dirishani. Shuka zito likija, mtu anawahi upande wa pili. Nikikwama wanangoja. Wote, Dada. Wanaweka vikombe chini na kungoja mpaka nimalize. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, na ningekipata bila Mama kufa, ningekuwa na furaha.

Jana mmoja aliniuliza kama nina picha yake. Nilisema sina. Akasema pole sana, utamsahau sura.

Kitinda


Tarehe 12 Julai

Kitinda,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa bila kujua nianzie wapi. Nilijipanga nikujibu kwa hasira, nikafika kwenye habari ya kiganja, hasira ikaniacha mkono mtupu.

Umeandika kwamba hakuna anayekuamini. Huku kwetu nami nilijaribu. Nilimweleza jirani, yule aliyeniona napima kona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishauri nisimvunjie marehemu heshima kwa sababu nimekasirika. Kisha akaniambia mama yenu alikufa kwa upendo. Nikaitikia. Kwa kweli hakukosea. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba hata mimi sina namna ya kumpinga.

Kaburi la Mama liko huko kwenu, na mimi niko huku na nguo zake. Viatu vyake vya ndani viko pale pale alipovivua. Wateja wanaleta sare na mimi nazishona. Nikikosea mshono nafumua, naanza upya. Ndiyo kazi pekee ninayojua ambayo mtu anaweza kufumua.

Sijakusamehe. Nawe usinisamehe kwa haraka, maana wewe ulitunga uongo wa kujikinga, mimi nikautia miguu. Lakini kila anayeingia humu ndani inabidi nimdanganye, hata nikisema asante. Nimebakiwa na mtu mmoja tu chini ya jua ambaye naweza kukaa naye bila kumdanganya, na mtu huyo ni wewe.

Usijibu barua hii. Nenda kaburini, muage Mama kwa niaba yangu, halafu panda basi la Jumamosi. Nitakuwa kituoni. Sijui kama nitaweza kukushika mkono, ila begi lako nitalibeba.

Dada yako